Kabla hujauliza bei ya laptopu, uliza kama inafunguka

Watu wakija pale steshenari kwangu Sakina, hapa Arusha, kuomba ushauri wa laptopu wanaanza na bei, alafu wanahamia kwenye jina, HP na Dell ipi nzuri, Lenovo si ya Wachina hiyo, mimi nawakatisha hapohapo nawauliza kitu kimoja, hiyo mashine unayoitaka inafunguka? Wengi wananishangaa. Nikisema inafunguka namaanisha ukilegeza skrubu za chini ukatoa kava unaikuta RAM, ile memori ya kufanyia kazi, imekaa kwenye sloti yake, SSD, yaani diski ya kutunzia mafaili, kwenye sloti yake, betri ina waya wa kuchomoa, feni unaifikia kwa bisibisi, yaani kitu kikifa unakitoa hicho peke yake unaweka kingine na mashine inarudi kazini. Miaka yote hii nimeshika mashine za kwangu, za wateja, za ndugu na za majirani, na sijaona kitu kinachoamua mashine itadumu au haidumu kuliko hicho. Sio upya, sio wembamba, sio ile stika inayong'aa pembeni ya kibodi.

Na niseme mapema kwamba mimi siuzi laptopu. Kazi yangu ni kuprinti, fotokopi, laminesheni, kujazia watu maombi ya ajira na vijana maombi ya mkopo wa chuo, ufundi wa kompyuta nimeuingia kwa mapenzi tu na sa hivi ndo unachukua nusu ya siku yangu. Kwahiyo nikikwambia usinunue kitu fulani sina duka la pili nyuma la kukuelekeza.

Nikupe mfano mmoja. Alikuja mama mmoja mwalimu wa primary kutoka Ngaramtoni, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii, naambiwa memori imejaa na sijaweka hata picha. Akatoa kwenye begi laptopu mpya kabisa, ina nailoni bado kwenye kava, alipewa na mausi ya bure na begi lenyewe. Nikaiwasha. Ikachukua muda mrefu, ikafika, nikaangalia ndani: prosesa ni Celeron N4020, ya daraja la chini, RAM 4GB, hifadhi 64GB ya aina ya eMMC, ile chipu ya bei ndogo. Hapo Windows yenyewe na apdeti zake imekula karibu kila kitu, na ikitaka kujiapdeti inahitaji nafasi ya ziada ambayo haipo, kwahiyo inajaribu inashindwa inajaribu tena inashindwa, na muda wote huo prosesa, yaani ubongo wa mashine, yenye kori 2 tu, vichwa viwili vya kufanyia kazi, iko bize na kazi isiyoisha. Mwalimu anataka kufungua matokeo ya darasa la nne anasubiri.

Akaniuliza, si unaweza kuniongezea memori mwanangu, nitalipia. Nikafungua kava mbele yake ili aone mwenyewe. Ndani bodi ni ndogo kama kiganja, nafasi iliyobaki yote ni betri na plastiki tupu. RAM zimechomelewa kwenye bodi, chipu ya hifadhi nayo imechomelewa, hakuna sloti hata moja. Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi, mwalimu hii hapa ndo memori yako, hii hapa ndo sehemu ya kutunzia mafaili, vyote vimegandishwa kiwandani. Akauliza sasa wakati naambiwa ni mpya na ina waranti? Ni kweli ni mpya. Lakini ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyobaki mpaka inakufa, na wiki aliyoinunua tayari ilikuwa imebanwa. Nitarudi kwa mwalimu huko mbele kwasababu hatukumwacha hivyohivyo.

Siku zilezile akaja dogo anayesoma Uhasibu pale Njiro, amenunua ThinkPad T480 ya Lenovo, ya mtumba, kwa hela ambayo haikupishana sana na ile ya mwalimu. Imekwaruzika juu, herufi A na E zimefutika kwenye kibodi, ukiiweka pembeni ya ile ya mwalimu mtu wa kawaida atachukua ile ya mwalimu. Ilikuwa na hadidiski ya kuzunguka ya 500GB na RAM 8GB, analalamika inaganda. Hiyo ndo kazi ninayoipenda. Unaingia BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa F1, unaenda Config, unaenda Power, kuna chaguo la kuzima betri ya ndani, ukilichagua mashine inajizima yenyewe. Unachomoa chaja, unatoa betri ya nje, maana T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, unaweza kubadilisha ya nje mashine ikiwa inawaka na kazi yako ipo kwenye skrini. Chini kuna skrubu sita, na hizo skrubu ukizilegeza hazidondoki, zinabaki zimeshikwa na kava, yaani aliyeitengeneza alijua kuna fundi siku moja atakuwa anafungua hiki kitu kwenye meza yenye makaratasi. Nikapitisha plastiki ya kadi ya laini pembeni, klipu zikaachia moja moja. Dogo alikuwa ameshika tochi ya simu. Nikamwambia weka RAM mwenyewe, ilaze kidogo, ingiza, alafu ibonyeze chini, ikalia tak, vile vishikizo vya pembeni vikajifunga. Sloti mbili, 8 na 8, 16GB. Hadidiski tukatoa, SSD ya SATA, ile inayochomekwa kama hadidiski, ikaingia palepale ilipotoka. Kava likarudi, chaja ikachomekwa maana bila chaja haiamki ukishazima ile betri ya ndani, tukapiga Windows upya, na kuanzia hapo ile mashine inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Nieleze hapo kwenye hadidiski kwasababu naona watu wanalaumu prosesa kwa dhambi zisizo zake. Hadidiski ya laptopu nyingi inazunguka mara 5400 kwa dakika, ndani kuna sahani na kichwa kinachosogea kwenda kutafuta data. Ukiwa unakopi muvi moja kubwa inajitahidi, inaweza kwenda MB 100 kwa sekunde hivi, sio mbaya. Lakini Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa, inasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja kichwa kinatakiwa kihame, kisubiri sahani izunguke, kisome, kihame tena, hapo kasi inaanguka mpaka chini ya MB 1 kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, haihami popote, ndo maana hata ile ya bei ndogo ya SATA inayofika MB 500 na kitu inabadilisha mashine ya miaka kumi nyuma unaiona kama umenunua nyingine. Hizi za NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, zinaenda mara kadhaa zaidi ya hapo, elfu tatu na zaidi, ila kwa mtu wa Word, Excel na kuangalia YouTube hutaisikia tofauti kati ya SATA na NVMe, usikubali kuongezewa bei kwa sababu hiyo. Kama unaedit video sawa, weka NVMe. Kama una hela ya kitu kimoja tu kwenye laptopu ya zamani weka SSD, RAM itafuata.

Kitu kingine kinachoniuma ni Core i7. Hapa mjini kuanzia Sokoine Road mpaka kule Clock Tower neno i7 linauza mashine peke yake, mtu anakwambia nimepata i7 kwa laki nne, anafurahi, nikiangalia ni i7-7500U. Hiyo ina kori 2. Alafu pembeni kuna i5-8250U ambayo ameiacha dukani kwasababu ni i5, hiyo ina kori 4. Mwaka 2017 Intel walipotoka kizazi cha 7 kwenda cha 8 kwenye prosesa za laptopu nyembamba waliongeza kori mara mbili, kwahiyo i5 ya kizazi cha 8 inaipiga i7 ya kizazi cha 7 kwenye kazi nyingi na wala sio kwa kubahatisha. Soma namba inayofuata baada ya kile kistari. Ikiwa tarakimu nne na inaanza na 6 ni kizazi cha sita, ikianza na 8 ni cha nane, ikianza na 10 au 11 ni cha kumi au kumi na moja. Stika inaweza kubandikwa na yeyote, nenda kwenye Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, fungua upande wa Performance, hapo inakwambia prosesa gani, diski ni SSD au HDD, na kwenye memori inakwambia mpaka sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Hiyo sehemu ya sloti ndo mimi naangalia kwanza, ikiandika 1 kati ya 2 natabasamu, japo kuna mashine inahesabu hata RAM iliyochomelewa kama sloti kwahiyo bado nafungua au natafuta modeli yake kamili mtandaoni.

Na modeli kamili maana yake kamili, mpaka herufi ya mwisho. T480 ina sloti mbili za RAM. T480s, hiyo s tu mwishoni, sehemu ya RAM imechomelewa imebaki sloti moja. X1 Carbon RAM yote imechomelewa. Latitude 7490 ya Dell inafunguka vizuri, EliteBook 840 G5 ya HP inafunguka vizuri, zote mbili ni sloti mbili na nyingi ni kizazi cha 8. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, ofisi inanunua mia tatu kwa mpigo na ina kitengo chake cha mafundi, hakuna anayekubali kununua mia tatu zisizotengenezeka. Ndo maana mtumba wa ofisi nauamini kuliko mpya wa bei ya chini. Na sio kwamba mambo ya kufunguka ni ya zamani, mwaka 2024 Lenovo walitoa ThinkPad T14 kizazi cha 5 wakishirikiana na wale jamaa wa iFixit wanaopima urahisi wa matengenezo na wakaipa 9 kwa 10. Kwahiyo wakitaka wanaweza.

Kizazi cha 8 nakitaja sana kwa sababu nyingine pia. Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakaongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa mtu binafsi anayejiandikisha, basi. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na kwa Intel inaanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Ulaya na Marekani maofisi yameondoa mashine ambazo hazikidhi na mashine haziozi, zinapanda meli zinakuja kwetu, kwahiyo ukiona ghafla kizazi cha 6 na cha 7 vimekuwa vingi na bei imelegea jua chanzo chake. Sikwambii usinunue, nitaeleza nazitumiaje, nakwambia usilipe bei ya kizazi cha 8 kwa kizazi cha 6.

Sasa mtumba una mitego yake na hapa nataka niwe wazi kabisa maana nisingependa mtu apoteze hela kwa kunisikiliza nusu. Binamu yangu yuko Moshi, Majengo, alinunua EliteBook kwenye duka moja la mtumba, nzuri, safi, akaenda nayo nyumbani ikatumika wiki kadhaa, alafu akataka kuifuta aanze upya. Ilipomaliza tu kujifuta na kuunganishwa wifi ikatokea skrini ya kumkaribisha kwenye kampuni fulani ya nje na kudai email ya kazi na paswedi. Yaani ile mashine bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni iliyokuwa inaimiliki, ikiona intaneti inapiga ripoti nyumbani. Kila ukiifuta inarudi palepale. Akarudisha dukani anaambiwa hiyo ni kawaida ya mtumba. Sio kawaida! Mashine iliyotolewa kihalali inafutwa kwenye mfumo kabla ya kuuzwa, na muuzaji anayejua kazi anaikagua hilo kabla hajaiweka mezani. Alihangaika nao mpaka wakambadilishia.

Kwahiyo ukienda kununua nenda asubuhi usiwe na haraka, na muuzaji akiwa mkali ondoka. Ingia BIOS uone kama inadai paswedi, ikidai usichukue hata kama wanakwambia fundi atatoa, kwenye hizi za ofisi paswedi ya BIOS inakaa kwenye chipu yake na kuitoa mara nyingi ni kubadilisha chipu au bodi nzima. Omba waifute palepale na kuiunganisha intaneti, bando lako mwenyewe kupitia simu linatosha. Fungua ile dirisha nyeusi ya komandi, Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, inatoa ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza basi betri imebaki nusu na bei ishuke. Beba flashi yenye CrystalDiskInfo uangalie afya ya diski. Fungua na kufunga skrini usikilize bawaba. Na angalia kibodi, hizi zinazotoka Ufaransa Q na A zimebadilishana nafasi, za Ujerumani ni Y na Z, sio ubovu ila kama unachapa kwa kuzoea utateseka, japo nayo inafunguka inabadilishwa.

Tukiwa Moshi hapohapo. Moshi iko chini kuliko Arusha, Arusha ni kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari na Moshi haifiki hata 1000, joto la Januari na Februari pale mnalijua wenyewe. Mashine ileile ambayo kwangu Sakina feni inanong'ona, kwa binamu inapuliza kama inataka kuruka. Ukichanganya na vumbi letu la kiangazi, kwenye zile mbavu za kupozea karibu na feni linajengeka zulia kabisa, unaweza kulivuta kama kitambaa. Prosesa ikizidi joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, mtu anaona laptopu nzito anaenda kuongeza RAM, RAM haihusiki. Fungua, shikilia feni kwa kidole isizunguke, puliza na blowa, badilisha pesti ya prosesa kama imekauka imekuwa chaki. Kila mwaka mara moja kwa wanaokaa barabara ya vumbi. Ila turudi palepale, kuna mashine ili uifikie feni unatoa kibodi, unatoa bodi nzima, unahatarisha nyaya za skrini, na kuna mashine unatoa kava tu feni iko usoni kwako.

Umeme nao. Umeme ukikatika hauui mashine kirahisi, kinachoua ni ule unaorudi kwa kishindo au unaopanda na kushuka usiku. Laptopu inajitetea kidogo, chaja yake ikisomeka INPUT 100-240V inavumilia kushuka kwa umeme na betri inaziba pengo, desktop haina betri. Nina desktop mbili za kuprintia na zote ziko kwenye UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Na UPS watu wanazitupa! Naziona kwenye maofisi zimerundikwa kwenye stoo, wanasema imekufa haikai hata sekunde. Ifungue. Nyingi za 650VA ndani kuna betri moja ya asidi ya 12V 7Ah, ileile inayotumika kwenye alamu za nyumba, inachoka baada ya miaka mitatu mpaka mitano, unanunua betri peke yake unaunganisha nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, UPS imefufuka. Mimi zote mbili nilizonazo nilipewa bure kama takataka.

Chaja sitazunguka sana, ila zingatia wati na volti, na kwa wenye Dell za tundu la duara jueni ile pini nyembamba ya katikati inafanya mashine iitambue chaja, ukichomeka chaja ya vichochoroni isiyotambulika mashine inawaka lakini haichaji betri na inajipunguza kasi, wengi wanadhani betri imekufa. Ndo maana nafurahia USB-C, chaja moja ya 65W nachajia ThinkPad, EliteBook na simu. Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa simu tangu Desemba 2024 na laptopu kuanzia Aprili 2026, na kuanzia Februari 2027 sheria yao ya betri inataka vifaa vingi viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa. Mtu atasema ya Ulaya yanatuhusu nini, yanatuhusu sana, mtumba wa kesho Arusha ni laptopu mpya ya leo ya huko.

Nirudi kwa mwalimu. Vifaa vyake havifunguki lakini programu zinafunguka. Nikamkopia mafaili yake yote kwenye flashi, nikaondoa Windows nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile ya Xfce, hiyo nyepesi. Ikachukua sehemu ndogo ya ile 64GB, ikabaki nafasi ya andalio la masomo na azimio la kazi mpaka astaafu. Badala ya Word na Excel anatumia LibreOffice, mafaili yake ya matokeo yalifunguka, jumla na wastani zinapiga hesabu vilevile, printa ya shule ikatambulika bila CD. Nilimkalisha mchana mmoja nikamwonyesha pa kubonyeza. Mint 22 inapata apdeti mpaka 2029, bure, na haimdai namba ya siri ya kuamsha.

Ndo hichohicho nafanya kwa zile za kizazi cha 6 na 7, SSD na Mint, zinaenda kwa wanafunzi na kwa watu wanaoanza. Lakini sitaki kudanganya mtu, kama unatumia programu ya uhasibu ya Windows, au Excel yenye makro nzito, au Photoshop, Mint itakukwamisha, baki Windows nunua kizazi cha 8. Ninachokataa kwa moyo wote ni hizi Windows za kuamshwa kwa programu za wizi. Fundi ili aiamshe anakwambia zima antivairasi kwanza, alafu anaendesha kitu ambacho hakuna ajuaye kimeandikwa na nani, kwenye mashine utakayoingilia benki na email. Nimesafisha mashine nyingi zilizoanza hivyo, na wenye nazo walilipa elfu kadhaa kuwekewa tatizo.

Na hii ya programu huria sio jambo geni kwetu kama watu wanavyodhani. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, menyu zote. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, maandishi ya programu yenyewe yalikuwa wazi kwa kila mtu, wakaichukua wakaitafsiri. Hiyo ndo raha ya kitu kinachofunguka, unaweza kukifanya cha kwenu.

Wenzangu wapenda teknolojia hunijibu na MacBook Air ya M1. Nakubali, tangu ilipotoka mwishoni mwa 2020 sijashika mashine inayokaa na chaji vile bila feni hata moja, wanaoedit video hapa mjini wanaipenda na wana haki. Ila RAM na hifadhi vyote vimechomelewa. Ukinunua ya 8GB na 256GB utazeeka nayo hivyohivyo, na hifadhi ikifa imekufa na bodi, mafaili hayatoki. Ukiinunua weka na diski ya nje ya kubakapu siku hiyohiyo.

Simu kwa kifupi, maana huko karibu zote zimegundishwa. Ikiandikwa RAM 8GB jumlisha 8GB, ile nane ya pili ni hifadhi imeazimwa ikajifanya RAM, ni ya polepole, hesabu ya kwanza tu. Kamera ya megapikseli 50 mara nyingi inaunganisha pikseli nne kuwa moja inakupa picha ya 12 na nusu. Uliza apdeti za miaka mingapi, Pixel 8 na Galaxy S24 zilitoka na ahadi ya miaka 7, simu nyingi tunazonunua hazina ahadi yoyote. Na kabla hujanunua ulizia kama betri na skrini ya modeli hiyo vinapatikana mjini, fundi akikwambia mpaka aagize Kariakoo kila kitu, fikiria mara mbili.

La mwisho ni la sasa hivi. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, viwanda vimehamishia nguvu kwenye memori za mitambo ya akili mnemba, na DDR4, aina ya RAM ambayo ndo iko kwenye T480, 7490 na 840 G5 viwanda vilikuwa tayari vinaipunguza. Mahesabu yangu ya zamani ya kununua mashine yenye 4GB uongeze baadaye yamebadilika, sa hivi tafuta ambayo imeshakuja na 16GB hata ukiongeza kidogo kwenye bei, na hakikisha zimekaa kwenye sloti. Na kama una laptopu iliyokufa bodi imekaa juu ya kabati, usiiuze kwa kilo kwa wa chuma chakavu, ifungue kwanza utoe RAM na SSD. Ukiwa huna bisibisi pita Sakina, kufungua na kutoa sichaji.